Wembe wa Kusikiliza

Nilikuwa nimeshafunga mlango wa chumba changu, begi begani, sanduku la vifaa mkononi, na lori lililokuja kunichukua linapiga honi barabarani, Mzee Pindo aliponiita kutoka chumba cha jirani. Hakuniita kwa jina. Yeye aliniita Mguu na Njia, na jengo zima likamfuata, kwa kuwa mimi nikikaa mahali miezi minne huanza kuona kuta zinanisogelea.

"Mguu na Njia, usiniondokee kama mwizi," alisema. "Ingia unibadilishie wembe."

Niliingia. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, amenyoa asubuhi ile ile, uso umetakata kama sahani iliyooshwa, na macho yake, ambayo yalikuwa hayaoni kitu mwaka wa tatu sasa, ameyaelekeza kwangu barabara kama mtu anayekutazama. Kawaida yake ilikuwa kubadilisha wembe kila akishanyoa mara nne, na siku hiyo ilikuwa ya nne.

Mimi nikafurahi, maana zawadi yake ilikuwa mfukoni. Wiki ile nilikuwa nimempata muuza vitu vikuukuu mmoja, na chini kabisa ya kapu lake, katikati ya funguo zisizo na kufuli, palikuwa na pakiti ya nyembe halisi za kunyolea, za upande mmoja, zilizopakwa dawa ya kuteleza, haziingii kutu, hazikwaruzi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu wa kukusanya mashine za ndevu, hiyo ni sawa na kuokota pete njiani. Nikafungua pakiti, nikatia wembe mmoja kwenye mashine yake ya ndevu, nyingine nikaziweka kwenye mtoto wa meza. Ule wembe wa zamani nikautupa. Na lile boksi la nyembe za kukwangulia vioo, ambazo ndizo alizokuwa akinyolea siku zote, nikalitia kwenye begi langu, kwa sababu huko niendako nilikuwa na kazi nalo.

Alisikia karatasi ikifunguka. Akauliza, "Zina sauti?"

"Zina utamu," nikamwambia. "Utadhani unapakwa siagi."

Honi ikalia tena. Akanipa mkono, nikaupokea kwa mikono miwili, akaniambia niende salama na nisizeekee njiani. Nikamwambia nimeshazeekea huko zamani, sasa nakwenda kuchukua vilivyobaki. Akacheka. Nikashuka ngazi mbili mbili kama kijana.

Ni lazima nieleze kidogo habari za nyembe hizi. Wembe wanaoujua watu wengi ni ule mwembamba wenye makali pande mbili. Wa upande mmoja ni mnene, makali yako upande huu, na upande wa pili una mgongo wa bati lililokunjwa, kama kisu kidogo kisicho na mpini. Zamani palikuwa na mashine zake za ndevu, nasema za mkono, si hizi za umeme za vinyozi. Kichwa chake hufunguka kama kifuniko cha kisanduku. Unatelezesha wembe ndani mpaka uguse vizuizi viwili, unafunga, kinasema kop. Mashine zenyewe siku hizi ni za kuokota. Nyembe zake ndizo zilizobaki, na zimebaki kwa sisi mafundi vioo, tunakwangulia rangi na gundi kwenye madirisha mapya. Ziko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, boksi la mia, zina mafuta ya mashine, na hakuna mtu mwenye akili zake anayefikiria kuzipeleka shavuni.

Mimi nilifikiria. Miaka mingi nyuma nilikuwa naondoa vioo kwenye nyumba iliyokuwa ivunjwe, na juu ya fremu ya dirisha la bafu nikakuta mashine ya namna hiyo imejaa vumbi, aliyeiweka hayupo wala hajulikani. Nikatoa wembe wa kazi mfukoni, nikautia, ukaingia kama mtu anayerudi kwao. Ugonjwa ukaanzia hapo. Watu wengine hukusanya stempu, wengine hukusanya wake. Mimi nikakusanya mashine za ndevu. Kila mji niliofika kwa kazi, kabla sijatafuta chumba nilitafuta soko la vitu vikuukuu. Nilipofika jengo la Mzee Pindo nilikuwa nazo ishirini na tatu, ndani ya kopo la biskuti, kila moja imevishwa soksi iliyofiwa na mwenzake. Ilikuwapo ya mpini wa mfupa, ilikuwapo yenye meno kama kitana, ilikuwapo ya shaba tupu niliyoipenda kuliko zote. Nilinyoa nazo kwa zamu ili isiwepo itakayonung'unika.

Mzee Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa kazi iliyombakia. Macho yalipoanza kufifia aliacha kushona makoti, kisha suruali, kisha mashati, akabaki na kukunja pindo za nguo za watu, kazi ambayo vidole vinaiweza bila kuyauliza macho. Daktari alisema ni presha ya macho na amechelewa. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, nesi wa hospitali, anaishi upande wa pili wa mji pamoja na watoto wake wawili, na alitaka baba yake ahamie kwake.

Mzee hakutaka. Alisema chumba kile anakijua kama mfuko wake wa shati, na kwa binti yake atakuwa mzigo uliowekwa juu ya kiti. Walibishana mwaka mzima, hatimaye wakapatana hivi: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi binti atakuja kumkagua. Akimkuta mzima, msafi, hana pa kuungua wala pa kukatika, atamwachia mwezi mwingine. Siku akimkuta na jeraha, anafungasha.

Mikono na miguu haikumpa shida. Kesi ilikuwa usoni. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyoa kila baada ya siku moja, hakupokea mteja na ndevu. Kwenda kwa kinyozi maana yake ni ghorofa tatu kushuka na barabara kuvuka, na barabara hiyo aivuke ameshikwa mkono kama mtoto, jambo ambalo alisema labda siku ya kupelekwa kuzikwa. Kwa hiyo alijinyoa mwenyewe, kwa ule wembe mwembamba wa pande mbili, akipapasa. Nilipohamia, nilimsikia kupitia ukutani akiutukana kimyakimya. Nilipogonga kumjulia hali nikakuta uso wake umebandikwa vipande vya gazeti kama ukuta wa shule. Binti alikuwa amempa mwezi wa mwisho.

Nikaenda kuleta kopo la biskuti.

Tulifanya kazi hiyo Jumapili nzima. Nilitia wembe wa vioo kwenye kila mashine, nikaufuta mafuta kwanza, naye akajipaka povu na kujaribu. Uso haukutosha mashine ishirini na tatu, tukahamia mkono wa kushoto, tukaumaliza, tukaenda wa kulia, tukashuka kwenye miundi. Kufika jioni alikuwa mzee mwenye miguu ya mtoto mchanga, na dada wa pasi, anayewapigia watu nguo pasi pale chini ya ngazi na kila siku humpandishia chai, alituona akarudi na chai yake bila kuuliza.

Nilidhani anatafuta inayoteleza vizuri. Nikampa ile ya shaba. Akaipitisha mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii imesoma sana," alisema. "Inanong'ona. Mimi macho yangu siku hizi yako masikioni, ndugu yangu. Nataka inayoropoka."

Iliyoropoka ilikuwa ile mbaya kuliko zote. Niliipata bila kuitaka, ndani ya fungu moja na nyingine, rangi imebabuka, pembe moja imepinda, kichwa chake bati jepesi lenye uwazi ndani. Uwazi ule ndio uliofanya kazi. Wembe mnene usiopakwa kitu, ndani ya bati tupu, ulipopita kwenye ndevu ulilia krrr mpaka dada wa pasi akasikia chini. Penye ndevu ulilia, palipokwisha ukashuka sauti, na mkono ukiinuka vibaya ulipiga kelele nyembamba kabla haujakata. Kabla, si baada. Mzee alinyoa uso mzima huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza habari za jirani, akamaliza, akajipapasa kutoka sikio mpaka sikio. Hapakuwa na tone la damu.

Akaipa jina palepale. Akaiita Mmbea, kwa kuwa haifichi kitu. Kila inachokiona shavuni inakitangaza.

Binti alipokuja mwisho wa mwezi alimgeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akavuta ngozi ya taya kwa vidole vya kazi, asione kitu. Alipoelezwa siri yenyewe alikunja uso. Alisema methali inasema mtoto akililia wembe mpe, mzee haikumtaja. Baba yake akamjibu kwamba mzee halilii wembe, mzee anao tayari. Binti akacheka kwa shida. Tangu siku hiyo mimi aliniita baba mdogo, na mwezi uliofuata aliniletea soksi mpya jozi sita, akidhani zile za kwenye kopo ndizo ninazovaa.

Miezi tisa ilipita hivyo, na kwangu mimi miezi tisa mahali pamoja ni sawa na ndoa. Kila Jumamosi ya mwisho mzee alinyoa asubuhi, akavaa shati jeupe, akamfungulia binti yake mlango akiwa ameshanyanyua kidevu. Mwezi ukaongezwa, na mwingine. Kisha mtu akaniambia kuna ghala jipya linajengwa mji wa mbali, madirisha mia na ishirini, na ndipo lori likaja, na mengine nimeshayasema.

Siku ya pili huko kwenye ghala nilikuwa juu ya ngazi nakwangua madoa ya chokaa kwenye kioo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wembe ulipopita ukalia krrr, kioo kikaitikia, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Nilikumbuka swali aliloniuliza. Nikakumbuka na jibu nililompa. Halafu nikakumbuka kwamba siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na mwezi unaisha.

Nilishuka, nikampigia simu dada wa pasi, kwa kuwa mzee hakuwa na simu. Nikamwambia apande upesi, amwambie mzee asinyoe, na kama ana haja ya kunyoa anisubiri nipeleke nyembe. Akasema, "Binti yake amepita hapa sasa hivi. Ngoja nikimbie." Hakukata simu. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, na pumzi zake, na sauti ya mlango ukigongwa juu, si yeye aliyegonga. Nikasikia komeo. Kisha nikamsikia Mzee Pindo mwenyewe, kwa mbali lakini wazi, akisema kwa furaha:

"Karibu, mama. Kagua uso huo."

Sikusikia mtu akimjibu. Nilisubiri. Hakuna aliyesema neno, si binti, si dada wa pasi. Niliita "haloo" mara mbili tatu. Mwisho nikamsikia mzee tena, sauti imebadilika, anauliza, "Kuna nini? Mbona mmenyamaza?"

Simu ikakatika.

Jioni dada wa pasi alinieleza alichokiona. Mzee alisimama mlangoni na shati lake jeupe, kidevu juu, anatabasamu, na damu imetoka chini ya sikio ikafuata taya ikaingia kwenye kola, kifua chote chekundu. Na shavu la pili vilevile, mchano mrefu. Yeye mwenyewe alidhani amejifuta akamaliza. Alidhani kile kilichobaki ni maji.

Ningeweza kuondoka ghalani siku ile ile. Sikuondoka. Mimi niliyehama kila mahali bila kufukuzwa, siku hiyo nikajiambia kazi ya watu haiachwi katikati. Nilikaa wiki nane, mpaka kioo cha mwisho.

Niliporudi, chumba cha Mzee Pindo kilikuwa na pazia jingine. Ndani walikuwa mume na mke vijana, ukuta umepakwa rangi ya maziwa, mahali pa cherehani pana kitanda cha mtoto. Dada wa pasi alinipa anwani ya binti. Nilimuuliza mzee anaendeleaje. Alinyunyizia maji shati la mtu, akasema nitakwenda kumwona mwenyewe, na pasi yake ikaendelea.

Ilikuwa nyumba nzuri ya vyumba vitatu, safi, ina harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Binti alinifungulia akiwa na sare ya kazi. Alinikaribisha kwa adabu zote, akanipa kiti na maji, lakini aliniita fundi. Fundi karibu, fundi kaa. Nilimuuliza iko wapi ile mashine. Akaniambia aliipeleka kazini akaitumbukiza kwenye sanduku la sindano zilizotumika, na sanduku hilo huchomwa.

Mzee alikuwa sebuleni, kwenye kochi, miguu pamoja, mikono magotini. Ndevu zimeota nyeupe. Binti alikuwa akizipunguza kwa mashine ya umeme kila baada ya wiki mbili, akibakiza urefu ambao hauwezi kumuumiza. Kwenye taya palikuwa na kovu, limepotea ndani ya ndevu, lakini ukijua pa kutazama unaliona.

Alinitambua kwa hatua. Akasema, "Nilikuuliza, Mguu na Njia."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kama zina sauti."

"Najua, mzee mwenzangu."

"Basi," akasema, na hakulirudia tena swali hilo mpaka anakufa.

Baadaye alinisimulia jinsi ilivyokuwa. Alisema alipopitisha mara ya kwanza hakusikia kitu, akadhani povu limezidi. Akalifuta, akapaka upya. Hakusikia kitu. Akafikiri labda masikio nayo yameanza kumuaga, kama macho yalivyomuaga, na hofu hiyo ikamwingia kuliko hofu ya wembe. Ndipo akagandamiza. Aligandamiza ili Mmbea aseme, alisema, kama unavyomgandamiza mtu. Kumbe masikio ni mazima.

Nilimuuliza nimfanyie nini. Alisubiri mpaka aliposikia binti yake ameingia jikoni na bomba limefunguliwa.

"Nitafutie mmbea mwingine," alisema. "Nitanyoa mbele ya macho yake, asimame hapo hapo anione. Akiona, atanirudisha nyumbani. Yeye si mtu wa kuvunja ahadi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajaambiwa. Alidhani chumba chake kipo, kimefungwa, cherehani imefunikwa shuka. Nilikuwa nimekiona mwenyewe kile kitanda cha mtoto. Ningemwambia wakati ule ule. Badala yake nikamwambia nitaitafuta, na kesho yake nikashika njia.

Niliitafuta miezi mitano. Nilikuwa nazo nyingine ishirini na mbili kwenye kopo, nikazijaribu zote upya usiku na mchana, hakuna hata moja iliyokuwa na mdomo ule. Nilikwenda miji ambayo nilikuwa nimeapa sitarudi. Wauza vitu vikuukuu walinionyesha za fedha, za kwenye visanduku vya mahameli, nami nikawaambia nataka mbovu, nyepesi, ya bati, na wao wakanitazama kama mtu aliyeingia duka la viatu akaomba kilichotoboka. Ya kweli niliipata kwa mama mmoja anayeuza vijiko vya zamani vilivyopangwa juu ya gunia. Nikatoa wembe wa kazi, nikautia, nikaupitisha shavuni mwangu pale pale bila maji, watu wakitazama. Ikaropoka. Nikainunua nikiwa navuja damu.

Binti hakukubali kirahisi. Alinisikiliza nimesimama mlangoni, akasema yeye kazini huwafunga watu vidonda na anajua ngozi ya mzee ilivyo, ni karatasi. Nikamwambia nyembe ni zile za zamani, nimemletea boksi zima. Nikamwambia kwamba mzee amenisubiri miezi mitano. Akasema, "Hakukusubiri wewe." Lakini akaingia ndani, akatoa pamba, akatoa dawa, akavipanga juu ya meza. "Mara moja. Mimi nikiwapo."

Tulimkalisha karibu na dirisha. Kwanza binti alizipunguza ndevu zile za wiki kwa mashine ya umeme mpaka zikabaki fupi. Kisha mzee mwenyewe akachovya brashi, akajipaka povu polepole, na mimi nikampa mashine mkononi. Aliipima uzito. Alipapasa kile kichwa cha bati kwa kidole gumba, akafungua, akaugusa mgongo wa wembe, akafunga. Kop. Akainamisha kichwa.

Krrr.

Nilimwona binti akishusha mabega. Hakuwahi kuisikia kabla, alikuwa akiuona uso ulionyolewa tu. Mzee alishuka kutoka kwenye sikio mpaka kwenye taya, mashine ikilia ikipungua, ikilia ikipungua. Ilipofika kwenye kovu ikatoa ile kelele nyembamba, naye akalaza mkono kidogo, akapita juu yake bila kugusa kitu. Alizunguka kidevu mpaka katikati. Alisuuza wembe kwenye bakuli, akajipapasa shavu lote la kulia. Lilikuwa safi kama siku zile. Binti alikuwa ameshika pamba, na pamba ilikuwa nyeupe.

"Umeona, mama?" alisema mzee.

"Nimeona, baba."

"Haya. Nikimaliza upande huu wa pili, tutakwenda lini?"

Binti alinitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jambo lolote isipokuwa hilo, maana kama mimi, alijua mzee hakuwa ameambiwa, na kila mmoja wetu alikuwa amemwachia mwenzake. Mzee akageuka upande wangu, povu nusu ya uso.

"Mguu na Njia. Wewe umepita kule. Chumba changu kipo?"

"Hakipo," nikamwambia. "Kina watu. Nimewaona kwa macho yangu, wana mtoto mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ule ule."

"Na cherehani?"

"Nimeiuza, baba," binti akasema. "Pesa yake nimekuwekea."

Mzee akaiweka mashine juu ya meza, taratibu, akaisogeza mbali kidogo na ukingo isianguke, kama anavyofanya fundi na kifaa cha mwenzake.

"Basi hii ya upande wa pili nainyolea nini?" alisema.

Tulimbembeleza. Binti alimwambia amalizie tu, amependeza, watoto wakitoka shule watafurahi kumwona. Mimi nikamfanyia mzaha, nikamwambia atatisha wageni, upande mmoja bwana harusi upande mmoja mganga. Hakucheka wala hakukasirika. Alikaa na povu linakauka shavuni, mikono magotini.

Mwisho binti aliichukua mashine yeye. Hakuwa amewahi kunyoa mtu kwa kitu kama kile. Alilowesha upya povu, akamshika baba yake kidevu kwa vidole viwili, akaanza. Mkono wake ulikuwa thabiti. Nilimsubiri mzee amwelekeze, amwambie hapa inua, hapa laza, kwa sababu mashine ilikuwa ikisema kila kitu. Hakumwelekeza. Iliropoka peke yake pale dirishani mpaka uso ukaisha.

Mzee Pindo aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Hakuomba wembe tena. Binti alimnyoa kila Ijumaa kwa ile mashine niliyoipeleka, na hakumkata. Alikufa kwa homa ya mapafu, hospitalini, wodi ya wanaume, siku ya nne ya kulazwa. Nilipata habari wiki tatu baadaye, nikiwa mji mwingine. Binti sasa ni mkuu wa zamu, mtoto wake mkubwa yuko sekondari. Mashine anayo yeye, au ameitupa, sijamuuliza. Cherehani iko kwa mshonaji wa sare za shule na inafanya kazi. Dada wa pasi ana duka lake la dobi na wafanyakazi wawili. Wale vijana wa chumba cha mzee wamehama, na waliowafuata siwajui. Mashine zangu ishirini na mbili nilimuuzia muuza vitu vikuukuu kwa mkupuo, pamoja na kopo. Mimi nakaa kwa mtoto wa dada yangu, chumba cha uani, mwaka wa tatu huu. Sifanyi vioo tena. Kila Jumamosi nakwenda kwa kinyozi wa mtaa.